Vipozeo vya Kadi ya Mchoraji

Kila akitoka shule, Bisibisi hubadilisha sare, hula, kisha huenda kwenye karakana ya shangazi yake, fundi wa kompyuta. Jina hilo alipewa na shangazi, maana hata mezani huja na bisibisi sikioni, kama seremala na penseli yake.

Siku hiyo walikuwa na kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayochora kila kitu kwenye skrini. Ilikuwa ya jirani yao, mchoraji wa ramani za majengo. Ilipata joto mno, na kompyuta ikawa inazima katikati ya kazi. Kesho asubuhi mchoraji alitakiwa kukabidhi ramani ya madarasa mapya, na kadi nyingine hakuwa nayo.

Shangazi aliamua kuipoza kwa maji. Kipozeo cha maji kingekaa juu ya chipu kubwa. Chipu ndogo za pembeni zingebandikwa vipozeo vidogo vya alumini, ambavyo vilitengenezwa kwa kadi ya aina nyingine, hivyo vilikuwa virefu mno.

"Vikate kwa msumeno, kisha upige tupa mpaka visiguse bamba la kipozeo cha maji," alisema shangazi. "Halafu paka grisi ya kupitisha joto juu ya chipu kubwa. Ukishakaza skrubu, fungua tena uisome grisi. Ikiwa imesambaa kote, bamba limelala vizuri."

Bisibisi alikata vipande vinane, akavibandika, akapaka grisi, akakaza skrubu. Mikono ilikuwa imechoka. Hakufungua tena.

"Umeisoma grisi?"

"Nimeisoma, shangazi. Iko sawa."

Mchoraji akaingia. Alipoona vidole vya Bisibisi vimejaa unga wa alumini, alilowesha leso yake akamfuta kimoja kimoja. "Mikono hii ndiyo itakayoniokoa kesho," alisema.

Shangazi alikuwa ameshainua chupa ili ajaze maji.

"Shangazi, ngoja! Sikufungua. Nimekudanganya."

Shangazi aliweka chupa chini. Hakufoka. "Haya, mwanangu, fungua sasa tuone."

Upande mmoja grisi ilikuwa imesambaa. Upande wa pili ilikuwa bado kidonge, haijaguswa. Kipozeo kimoja kirefu kilikuwa kimelinyanyua bamba.

"Kumbe haka kamoja kamegoma kunyolewa!" shangazi akacheka.

Bisibisi alikipiga tupa, akapaka grisi mpya, akakaza, akafungua, akasoma. Safari hii ilikuwa imesambaa kote. Akapaka tena, akafunga. Maji yalizunguka bila kuvuja hata tone. Mchoraji alifungua ramani yake yote, na joto ambalo jana lilifika nyuzi tisini na tano likatulia kwenye sitini.

"Kukata vibaya kunarekebishika," shangazi alimwambia. "Lakini ukisema umekagua na hukukagua, unaninyima nafasi ya kukusaidia. Leo umesema ukweli mapema, na kadi imepona. Siku nyingine ukichoka, niambie tu umechoka. Nitaishika tupa mimi."