Nilimhesabu Mama Zuhura na Wafu Angali Hai

Nina umri wa miaka arobaini na tisa, nina mke mmoja na watoto wanne, na nimekuwa nikinunua na kuuza kuku wa kienyeji hapa Manyoni tangu sijaota ndevu. Wanaonijua stendi watakwambia kwamba Saidi akipewa chenji anaihesabu mara mbili, hata kama aliyempa ni mama yake mzazi. Ni kweli. Mama mwenyewe aliwahi kunipunja mia mbili.

Nakueleza haya, ndugu msomaji, ili ujue kwamba sikuingia kwenye balaa hili kwa kutojua hesabu. Niliingia kwa kujiona nazijua sana...

Aliyenifundisha kazi ni mjane mmoja, Mama Zuhura. Hakuwa ndugu yangu wa damu, lakini alinilisha nilipokuwa sina kitu na akanikopesha kuku wa kwanza kuuza. Alinifundisha kumtambua kuku mgonjwa kwa kumwangalia macho tu. Na alinifundisha habari ya kuku wa njia.

Kuku wa njia ni huyu. Ukinunua kuku kumi kijijini, unamkazania muuzaji akuongezee mmoja wa bure. Huyo ni wa kufidia atakayekufa kwenye tenga kabla basi halijafika Dar es Salaam, kwa sababu lazima mmoja atakufa. Jua ni kali, tenga limebana, safari ni ndefu. Mchuuzi wa kuku asiyehesabu vifo vya njiani hamalizi mwaka. Sisi tunapoandika mzigo kwenye daftari, vifo tunaviandika kabla ya safari: mmoja, njia.

Sasa sikiliza kosa langu.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa wachuuzi thelathini na wawili, mbali na wenzetu wanne waliokuwa wamechoka kwa uzee. Hatuna mwajiri sisi. Hakuna anayetukata mshahara kutuwekea akiba. Ukiishiwa nguvu za kupanda juu ya basi kufunga matenga, basi tena, unarudi nyumbani kungoja wanao wakukumbuke. Nikasimama kwenye kikao nikasema, jamani, tuanzishe mfuko wetu wenyewe! Kila anayefanya kazi atoe elfu kumi kwa mwezi. Kila mzee aingie kwa akiba aliyonayo, kisha alipwe elfu sitini kila mwezi mpaka anakufa.

Walinipigia makofi. Nani hapendi kupigiwa makofi? Wakanipa uweka hazina papo hapo.

Hesabu nilikuwa nimeshaipiga nyumbani, mara mbili. Ndani ya miaka saba wazee wangekuwa kumi. Kumi mara elfu sitini ni laki sita, na sisi, hata vijana wapya wakiziba nafasi, tungekusanya laki tatu na ishirini tu. Haikukaa sawa. Nikajikuna kichwa... halafu akili yangu ya tenga ikanijia. Watu wa umri ule, nikasema moyoni, si wote watakaofika. Katika kumi, wanne wataondoka. Wanabaki sita, laki tatu na sitini. Kinachopungua kitafunikwa na akiba.

Nikachukua kalamu nikaandika majina kumi kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Mbele ya majina manne nikaandika neno moja tu: njia.

La kwanza lilikuwa la Mama Zuhura. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na alikuwa na kikohozi.

Yeye, tofauti na sisi wengine, alikuwa na akiba ya uzeeni kwenye mfuko mmoja wa hiari. Alichangia kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja, bila kelele. Nikamfuata nyumbani kwake, nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye mkeka nikaanza kazi yangu ninayoiweza, kushawishi.

"Mama, hicho watakachokulipa hao si pensheni," nikamwambia. "Hiyo ni nauli ya kwenda kuulizia pensheni."

Alicheka. "Na nyie mtanipa ngapi?"

"Elfu sitini, mama. Kila mwezi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka unakufa."

"Mpaka ninakufa," akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Haya, Saidi. Wewe nimekulea mwenyewe. Twende."

Siku ya kuchukua akiba yake nilimsindikiza. Karani pale dirishani, mwanamke mpole, alimwuliza, "Mama, una uhakika? Ukitoa hii yote hutakuwa na kitu cha baadaye." Unajua nani alijibu? Mimi! Nikasema, "Ana uhakika." Mama Zuhura alinitazama, akatia saini. Milioni mbili na laki nne... zote zikaingia kwenye mfuko wetu.

Miaka miwili ya kwanza tulitamba. Elfu sitini enzi hizo ilikuwa kuku watano wakubwa. Nilikuwa napima hivyo, kwa kuku, kwa sababu noti inadanganya lakini kuku hadanganyi. Wazee walinunua unga, sabuni, mafuta ya alizeti, dawa za presha. Waliacha kulala njaa. Waliacha kupanda juu ya mabasi. Mama Zuhura alitibiwa kikohozi chake kikaisha kabisa. Alinenepa! Mzee Mkumbo, ambaye naye nilikuwa nimemwandikia njia, akaoa.

Unaona kilichotokea? Tuliwalisha, wakapona. Tulipowapa pensheni, walikataa kufa.

Mwaka wa saba ulipofika wazee walikuwa tisa. Katika wale wanne wangu alikuwa ameondoka mmoja tu, na huyo aligongwa na pikipiki, uzee haukuhusika. Huku kwetu tulikuwa tumepungua. Sita walizeeka wakahamia upande wa kulipwa. Watano waliacha biashara. Waliojiunga upya ni watatu. Tukabaki ishirini na wanne. Tunaingiza laki mbili na arobaini, tunatoa laki tano na arobaini. Kila mwezi pengo la laki tatu, na akiba ikiliwa kama mahindi yaliyoingiliwa na panya.

Na hiyo sitini yenyewe je? Kuku mkubwa sasa alikuwa elfu ishirini. Pensheni ya kuku watano imekuwa ya kuku watatu, na hakuna aliyewapunguzia hata shilingi! Wazee wakaanza kuniambia haitoshi, niongeze. Niongeze kutoka wapi? Mfuko ulikuwa haumtoshi anayelipwa, na anayelipa hauwezi. Wenzangu sikuwaambia. Kila kikao nilisoma hesabu ya mwezi ule tu, kwa sauti ya kujiamini, kisha nikauliza kama kuna swali.

Sasa nafika mahali ninapoona aibu kupaandika...

Mama Zuhura aliugua kichomi. Akalazwa. Nilikwenda kumwona nikiwa na machungwa na uji kwenye chupa, nikakaa kando ya kitanda. Alikuwa anapumua kwa shida, mkono wake umeshika wangu. Na mimi, mtu aliyelelewa na mkono ule, nikajikuta nahesabu. Sitini mara kumi na mbili, laki saba na ishirini kwa mwaka. Nikahesabu tena.

Alipona. Wauguzi walishangilia. Mimi nilitoka nje ya wodi nikaegemea ukuta, na sikuwa na furaha. Mungu anisamehe! Sikuwa na furaha...

Hivi mtu anafikaje huko? Sikuwa mchawi. Sikuiba hata senti. Nilikuwa tu nimeshika mfuko ambao ili usimame, lazima watu ninaowaheshimu wafe kwa wakati.

Miezi minne baadaye fedha zikafika chini. Ilibidi niseme. Nikaitisha kikao chini ya turubai la mama ntilie pale karibu na stendi, nikatangaza kwamba kuanzia mwezi ule kila mzee atalipwa elfu ishirini na tano. Kelele zikalipuka.

"Saidi, tupe daftari," akasema Mama Zuhura.

Nikamwambia hesabu ni ndefu, nitamweleza.

"Sikukuomba unieleze. Nimesema tupe daftari."

Akavaa miwani yake. Akafunua ukurasa mmoja mmoja, akilowesha kidole. Nilitamani dunia ipasuke. Akafika nyuma.

"Hili neno mbele ya jina langu ni nini?"

Nikanyoosha mkono kulichukua daftari, akalisogeza kando.

"Njia," akasoma kwa sauti. "Mama Zuhura, njia. Njia ya wapi?"

Hakuna mchuuzi wa kuku anayehitaji kufafanuliwa neno lile. Kisha Mzee Mkumbo akaangua kicheko.

"Mama Zuhura, umeandikwa kuku wa njia! Hebu nitazamie, na mimi nimo?"

"Umo."

"Nimo? Na mke mpya hivi?"

Watu wakacheka, halafu mmoja mmoja wakaacha. Mama Zuhura alikuwa amevua miwani. Hakupiga kelele. Ningefurahi angenizaba kibao.

"Saidi mwanangu. Kila asubuhi ulipita kwangu kuniamkia. Shikamoo mama, umeamkaje mama. Kumbe ulikuwa unaangalia kama bado napumua?"

Mimi, ninayejulikana kwa mdomo, nikalichukua daftari mikononi mwake nikalifunga.

Mfuko ulivunjwa wiki ile. Kilichobaki tuligawa, kila mzee akaondoka na elfu themanini na tano, basi, kwaheri. Vijana waliochangia miaka yote hawakupata kitu, na mpaka leo wapo wasionipa mkono. Wazee wanne walirudi kubeba matenga. Mmoja anaomba stendi, pale pale tulipokuwa tunamheshimu.

Mama Zuhura alishindwa kodi ya chumba akahamia Kintinku alikozaliwa. Nikasikia anafanya kibarua cha palizi kwenye mashamba ya watu, akiwa na miaka sabini. Nikauza kiwanja nilichokuwa nimekipata kwa kubembeleza miaka mitatu, nikafunga safari.

Nilipofika aliyenipokea mlangoni ni bibi mmoja mkongwe sana, amepinda mgongo, anapeta uwele kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea kwa Kigogo, akanivutia kigoda. Mama Zuhura akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani.

"Umeshaonana na mama," akasema.

"Mama gani?"

"Mama yangu mzazi. Amepita tisini. Bibi yangu naye alifika huko huko. Sisi kwetu hatufi upesi, Saidi. Ungeuliza, ningekwambia."

Nikakaa kwenye kigoda kile nikalia mbele ya bibi wa watu, na yeye akaniuliza kwa ishara kama nina njaa...

Nilimwambia Mama Zuhura kwamba kila mwezi, mradi niko hai, nitamletea thamani ya kuku watano. Bei ya kuku ikipanda nitapanda nayo. Nikamwekea ya kwanza kwenye kiganja.

Akaipokea. "Usidhani nimekusamehe," akasema. "Napokea kwa sababu nina njaa, na mama ana njaa."

Ndugu zangu mnaosoma, wachuuzi, wakulima, mafundi, bodaboda, msinicheke bure. Anzeni kuweka akiba ya uzee mngali na nguvu, na muweke kwa watu waliosomea hesabu za umri, si kwa mjanja wa stendi kama mimi. Mtu akikuahidi fedha mpaka kufa kwako, usimwulize atakupa ngapi. Mwulize: nikiishi sana itakuwaje? Na hiyo uliyoniahidi, bei zikipanda, itaninunulia nini? Akikwepa macho yako, chukua akiba yako uondoke.

Na wewe unayeshika daftari la wazee, nakusihi... nenda ukawaulize mama zao walifika umri gani. Usije ukakaa kando ya kitanda cha mtu aliyekulea, ameshika mkono wako, na wewe unamsikiliza anavyopumua ukiomba akome.