Kigezo cha Nne

Asubuhi ilikuwa tulivu. Mwanaprogramu, dada wa jirani yetu, alikuwa akimalizia tovuti ya miadi ya kliniki ya meno. Ofisini kwao hakuna aliyeipa funksheni, kile kipande cha programu kinachofanya kazi moja, mahitaji yake kwa mkono. Programu iliichungulia yenyewe, ikasoma majina ya vigezo inavyovitaka, kisha ikavitafuta popote vilipo na kuiletea.

Funksheni ya kusajili wagonjwa ilitaka vitatu: jina, simu, siku. Akaiamuru programu iorodheshe ilichokiona.

Vilitoka vinne. Cha nne kiliandikwa: nywele.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Usinitazame mimi, dada," mwenzake wa meza ya pili akacheka. "Barua ya likizo tu imenishinda."

Akafungua faili la funksheni. Mlikuwa na vitatu tu. Akaijaribu funksheni, akanywa chai.

Kitu kikamkaba kooni. Akakivuta kwa vidole. Kikaja, kikazidi kuja: msokoto wa nywele uliojaa ute, na kwenye ncha yake kipande cha ngozi ya kichwa, na kibanio cha njano. Cha binti yake.

Alitapika kwenye kapu la karatasi, kisha akapiga simu nyumbani.

"Mama, mtoto hajambo?"

"Analia kichwa, mwanangu," mama yake akanong'ona. "Nywele zimenyofoka sehemu moja. Panatoa maji."

Akazima seva iliyoendesha tovuti. Orodha ikabaki kwenye skrini. Ikaongezeka: ukucha.

Aliuona kati ya vitufe vya kibodi. Mdogo. Una nyama chini yake, bado ya moto, unanuka maziwa yaliyochacha. Simuni mtoto akapiga ukelele.

Kisha: ulimi.

Kando yake: kinatafutwa.

Akili ikamrudia. Kigezo kilichokwisha kupewa thamani, yaani kitu cha kukijaza, programu haikitafuti kwingine. Akaandika mbele ya neno lile: wangu.

Akabonyeza.

Simuni kilio kikakatika. "Bibi," sauti ndogo ikasema, "nina njaa."

Mama yake akamwita mwanaprogramu simuni. Akamwita tena. Hakujibiwa.

Daktari alimfumbua mwanaprogramu kinywa, akageuka ukutani kwanza. Hapakuwa na jeraha. Hapakuwa na tone la damu. Mahali pa ulimi pameota ngozi laini, nyororo, kama ya kope.

Kompyuta yake ya kazi ipo stoo, waya umekatwa. Katikati ya skrini kuna mchirizi wa mate, mpana kama ulimi. Mfagizi huufuta kila siku, akiziba pua.

Haufutiki. Uko upande wa ndani wa kioo, na kila asubuhi ni mbichi.