Siku Tatu Alizokosa Kidonge

Saa kumi na mbili asubuhi Milembe alimeza kidonge chake kwa maji matupu, akatia alama kwenye daftari, kisha akashika ufagio. Uji angekunywa baada ya saa moja, maana dawa hiyo haifanyi kazi vizuri ikichanganyika na chakula tumboni.

Milembe alikuwa na miaka kumi na mitatu, akisoma darasa la saba huko Ipililo, wilayani Maswa. Miaka miwili nyuma iligundulika kwamba tezi yake ya shingoni haitengenezi homoni ya kutosha, ile inayouwezesha mwili kutumia nguvu zake. Tangu hapo alimeza kidonge kimoja kila siku, na aliishi vizuri kama wenzake.

Lakini baada ya msimu wa kupandikiza mpunga, uchovu ulirudi. Alisinzia darasani, alihema akibeba ndoo ya maji, na alisikia baridi hata jua likiwa kali. Mama yake, Veronica, alimpeleka hospitali ya Bariadi kwa basi la asubuhi, akapimwa damu. Majibu yalionyesha kwamba homoni iko sawa. Siku hiyo daktari wake, Siwema, hakuwepo, na mhudumu aliyewapa karatasi aliwaambia waendelee na dozi ileile.

Wiki tatu zilipita, naye akazidi kudhoofika. Baba yake, Mayunga, alikuwa mkulima wa pamba na mpunga mwenye maneno machache. Jioni moja wakila ugali alisema vidonge viongezwe. Kama kimoja kimeshindwa, wajaribu viwili. Hata mama alikuwa amewaza hivyo.

Milembe aliacha kula. "Baba, nisamehe," alisema kwa upole. "Daktari Siwema alituambia dozi haibadilishwi nyumbani. Ikizidi, moyo unaweza kwenda mbio. Naomba turudi kwake, nimweleze mwenyewe ninavyojisikia."

Mayunga hakuzoea kupingwa na watoto. Alimtazama binti yake, asione kiburi chochote usoni mwake, akakubali.

Milembe alianza kuandika kila siku jinsi alivyoamka, alivyotembea na alivyolala. Alipopitia daftari lake kabla ya safari, aliona siku tatu zisizo na alama. Alikuwa ameenda kumsalimia shangazi yake katika kijiji cha Shishiyu, akasahau vidonge nyumbani. Alishika kalamu. Daktari akiziona, huenda angesema uchovu wote ni kwa uzembe wake. Kuzijaza ilikuwa kazi ya sekunde chache tu. Aliirudisha kalamu kwenye mfuko, ingawa moyo wake haukutulia njia nzima.

Daktari Siwema alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Alipofika kwenye zile siku tatu, aliuliza. Milembe akaeleza ukweli, macho chini.

"Siku hizo tatu haziwezi kukuchosha mpaka leo," daktari alisema. "Na mtu anayeniandikia alipokosea, ninamwamini akiniambia amechoka. Sasa tutafute sababu nyingine."

Alimwangalia viganja na ndani ya kope. Vilikuwa vimepauka. Alimuuliza kazi anazofanya nyumbani, na Milembe akasema huwasaidia wazazi kwenye majaruba ya mpunga, miguu mitupu. Vipimo vya damu na choo vilimaliza swali. Alikuwa na minyoo ya safura, ambayo hutoka kwenye udongo wenye kinyesi, huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu na kunyonya damu ndani ya utumbo. Damu yake ilikuwa imepungua sana.

Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma. Daktari alisisitiza kwamba vidonge vya chuma avimeze mchana, angalau saa nne baada ya kile cha asubuhi, kwa kuwa vikikutana vinaidhoofisha dawa ya tezi. Milembe aliandika maelekezo hayo, akayafuata.

Miezi miwili baadaye alikuwa amerudi uwanjani kucheza netiboli. Nyumbani, Mayunga alikuwa amechimba choo kipya na kuwanunulia wote mabuti ya mpira. Siku ya kurudi kliniki alifuatana na binti yake, akakiri mbele ya daktari kwamba karibu amuongezee dawa.

"Karatasi ya maabara ilisema kweli, na mwili wa mtoto ulisema kweli," Daktari Siwema alimjibu. "Karatasi ile ilijibu swali la tezi peke yake. Majibu yakiwa mazuri na mgonjwa bado anaumwa, asidharauliwe, wala asijiongezee dawa. Arudi hospitali na aseme ukweli wote, hata ule anaouonea aibu. Bila ukweli huo mimi ningekuwa nabahatisha."

Mayunga aliitikia kwa kichwa, akaweka mkono begani kwa binti yake. "Mwanangu," alisema, "umenifundisha."