Ndoo Aliyoimwaga Chiriku

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kukung'uta mchanga kwenye mashuka, kuufagia mlangoni, na kumshika mdogo wake wakati mama anapasha maziwa. Ukimaliza kufagia, ukigeuka tu, mchanga uko pale pale kama vile hujafanya kitu. Mama alisema mchanga wa mji ule ni kama mgeni asiyejua kuaga.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Baba ndiye aliyempa, kwa utani, kwa sababu chiriku ni ndege wa kelele, na binti yake mwenye miaka kumi na miwili usingeisikia sauti yake mpaka umkanyage. Mdogo wake wa miezi minane aliitwa Bonge. Hilo halikuwa utani. Mashavu yake yalikuwa yanaingia chumbani kabla yake.

Walikuwa na wiki tano tu katika mji ule wa jangwani. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alipata kazi kwenye kiwanda cha saruji, wakafunga virago na kuja. Wakapewa nyumba ya vyumba viwili katika safu ya nyumba za wafanyakazi, zote za rangi ya mchanga, kila moja na tangi lake juu ya paa. Mabomba ya mji hayakufika huko. Kila Jumatatu lilikuja boza, gari la maji, likajaza matangi nyumba kwa nyumba. Maji hayo ndiyo ya wiki nzima: ya kunywa, ya kupika, ya kufua nepi za Bonge.

Dereva wa boza walimwita Honi Mbili. Akifika alipiga honi mara mbili, akimaliza mara mbili tena. Alikuwa mzee mrefu, mkavu kama ukuni, na taulo shingoni. Hakuondoa mpira wake kwenye tangi mpaka maji yafurike na kuteremka ukutani.

"Nyumba ikitoa machozi, ndiyo imeshiba," alikuwa akisema.

Sasa, kule walikotoka, maji ya bomba yalikuja saa yanayotaka yenyewe. Kwa hiyo watu walikuwa na desturi yao: unaacha bomba wazi, chini yake unaweka ndoo ya bati. Maji yakija, ndoo inalia, nyumba nzima inakurupuka na madumu. Chiriku alifanya hivyo tangu ana miaka sita. Hakuhitaji kufikiri, mkono wenyewe ulijua.

Jumatatu hiyo tangi lilikuwa limekauka tangu jana yake. Chiriku akafungua bomba la bafuni anawe uso. Bomba likakohoa, likanyamaza. Akasogeza ndoo chini yake, akaliacha wazi, akaenda zake shule. Baba alikuwa kazini. Mama naye akambeba Bonge kwenda kliniki kupima uzito.

Saa saba mchana Chiriku alirudi wa kwanza. Akiwa mlangoni tu akasikia, tii... tii... tii. Akatupa mkoba, akakimbia. Bafuni, ndoo ilikuwa imejaa pomoni, na kutoka kwenye bomba matone ya mwisho yalikuwa yanadondoka. Maji mengine yote yalikuwa yameshaingia kwenye tundu la sakafuni. Wiki nzima ya maji imekwenda kusikojulikana.

Akafunga bomba. Akasimama akiitazama ile ndoo. Mama akiikuta imejaa, atauliza imejaaje. Na akiuliza, itabidi kusema. Chiriku kusema hakuweza hata akiitwa darasani kusoma mstari mmoja.

Akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaimwaga.

Akapiga deki haraka, lakini hakukuwa na haja. Katika mji ule sakafu hukauka kabla hujainua kichwa.

Mama alipofika, akafungua bomba la jikoni. Kimya. Akafungua la bafuni. Kimya.

"Honi Mbili hakuja leo?"

"Sijui, mama. Nilikuwa shule."

"Hukukuta maji popote?"

"Sikuona kitu."

Maneno mawili tu. Yalitoka mepesi kama unyoya, lakini usiku ule alilala nayo kifuani kama jiwe la kusagia.

Baba alipanda juu ya paa na tochi. Akateremka uso umekunjamana. "Tangi tupu! Na jirani anasema boza limepita, tena lilisimama hapa. Huyu mzee ameona sisi wageni, akapiga honi zake, akaondoka na maji yetu."

Chiriku akafungua mdomo. Ukajifunga wenyewe.

Asubuhi Baba alimkuta Honi Mbili mtaa wa pili, watu wamejaa na ndoo zao. Akampigia kelele mbele yao wote. "Mwizi wa maji! Unamwibia mtoto mchanga?" Chiriku alikuwa nyuma yake na mkoba wa shule. Alimwona yule mzee akikunja mpira wake taratibu.

"Miaka ishirini na miwili," alisema Honi Mbili. "Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Bwana fundi, tafuta boza lingine."

Lingine lilikuwa wapi? Baba aliwauliza madereva watatu, na wote walimjibu jibu lile lile: mtaa ule ni wa Honi Mbili, sisi hatukanyagi. Kiwandani wakamwambia asubiri wiki ijayo.

Jirani yao, Mama Pacha, alileta dumu moja. "Ningeleta mawili, dada yangu, lakini wangu saba wanakunywa kama ngamia, na ngamia angalau hubeba mizigo." Mama alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Dumu lile likagawanywa kwa kikombe. Vyombo vikafutwa kwa kitambaa. Badala ya mikono, vikanawishwa vidole vitatu tu. Chupa ya maziwa ya Bonge ikasuuzwa kwa maji yaliyosuuza jana.

Jumatano Bonge akaanza kuhara.

Muuguzi wa kliniki alimpa mama pakiti za dawa ya kuchanganya na maji. "Mpe kila akihara. Na osha mikono na chupa kwa sabuni, mama, la sivyo unajaza maji kwenye pakacha. Akikaa muda mrefu bila kukojoa, usingoje, mlete mbio."

Alhamisi Chiriku aliporudi kutoka shule, alimkuta mama amekaa sakafuni na Bonge mapajani. Mashavu yalikuwa yamekwisha. Macho yameingia ndani. Alikuwa analia, lakini machozi hayatoki, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. Mama alikuwa anakwangua mtungi wa maji ya kunywa kwa kikombe, kwaa, kwaa. Kilichotoka hakikufika nusu.

"Tangu alfajiri nepi yake kavu," mama alisema, kama anaongea na ukuta. "Nimemwita baba yako. Sijui gari la kwenda kliniki tutalipata wapi saa hizi za jua. Ee Mungu wangu, ningekuwa na ndoo moja tu. Ndoo moja tu juzi, ningeosha chupa yake."

Ndoo moja.

Chiriku alitoka mbio. Hakuvaa hata viatu alivyovua mlangoni. Mchanga ulimchoma nyayo, naye akakimbia hivyo hivyo mpaka nyuma ya shule, kwenye pampu ambako maboza hupanga foleni. Honi Mbili alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gurudumu, anakunywa chai na wenzake.

"Honi Mbili, mjukuu wako huyo!" mmoja akatania.

"Wajukuu wangu huvaa viatu," mzee akajibu. Kisha akamtambua, uso ukakauka. "Baba yako amekutuma unitukane na wewe?"

Chiriku akanong'ona.

"Sikusikii, binti, pampu inanguruma. Sema kama mtu anayezama!"

"MAJI ULILETA!" Sauti ilitoka hata yeye mwenyewe ikamshtua. "Ulileta, babu! Mimi ndiye niliacha bomba wazi! Yakaisha yote, ikabaki ndoo moja, na hiyo nikaimwaga ili mama asijue! Nikasema sikuona kitu! Na sasa Bonge anakauka!"

Vikombe vilisimama hewani. Hakuna aliyecheka.

Honi Mbili hakumkemea wala hakumbembeleza. Aliuliza jambo moja tu. "Mtoto amekojoa leo?"

"Tangu alfajiri, hapana."

Mzee akamwaga chai yake chini. "Panda."

Boza liliingia mtaani na honi zisizo na hesabu. Watu wakatoka milangoni. Baba alikuwa amefika, kofia ya kazi bado kichwani, Bonge begani. Honi Mbili akafungua mlango wa gari. "Mleteni mtoto. Tunaenda kliniki."

Baba akasimama mbele ya mama, mkono mmoja ameunyoosha kumzuia. "Mwanangu hapandi gari la mwizi. Ni wewe uliyetufikisha hapa!"

"Baba Chiriku, tafadhali," mama akalia.

"Nimesema hapandi!"

Majirani wote walikuwa pale, pamoja na wale wa mtaa wa pili waliosikia tusi la juzi. Macho yote hayo! Chiriku alijikunyata kitini. Akamtazama Bonge, kichwa kimelegea kama ua lililokatwa. Akateremka garini.

"Baba, si yeye. Ni mimi."

"Nini?"

"Ni mimi!" akapaza sauti, mikono imekamata gauni. "Niliacha bomba wazi kama tulivyokuwa tunafanya nyumbani. Maji yakapita yote. Nikadanganya. Honi Mbili si mwizi, baba. Mpe Bonge!"

Baba alimtazama kama mtu aliyepigwa na nondo. Mkono wake ukashuka. Akampa mama mtoto, naye mama akapanda. Boza likaondoka likitikisa maji yake.

Baba na Chiriku walibaki wamekaa kizingitini. Jua likateleza taratibu ukutani. Baba alikuwa akitazama barabara lilikopotelea boza. Mara moja tu aliuliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Niliogopa, baba."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kusema."

Baba akavua kofia, akaigeuza geuza mikononi. Chiriku aliona midomo yake inacheza kama anaomba. Naye akaomba. Hakuomba asichapwe. Aliomba mashavu yarudi.

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika ng'ambo ya barabara waliposikia honi. Mbili. Kimya. Kisha mbili tena. Mama Pacha akatoka mbio na mwiko mkononi. Boza likasimama, Honi Mbili akateremka akitembea miguu imeachana, suruali yake imelowa kuanzia mapajani mpaka magotini.

"Tazameni!" akapiga kelele. "Niliombwa nimshike dakika moja tu wakati mama yake anapanda gari. Miaka ishirini na miwili nabeba maji, sijawahi kumwagiwa na mteja!"

Mtaa mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama aliteremka na Bonge, macho bado yamechoka, lakini ananyonya kidole na kutafuta nani wa kumng'ang'ania. Kliniki walikuwa wamemnywesha dawa kwa kikombe na kijiko, kidogo kidogo, saa tatu mfululizo, mpaka nguvu zikamrudia. Chiriku alikaa chini mchangani akalia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anamsikia.

Baba akasogea mbele ya watu wote. "Mzee wangu," alisema, "nilikuita mwizi hadharani, kwa hiyo nakuomba radhi hadharani. Nilihukumu kabla sijauliza. Hata ndani ya nyumba yangu mwenyewe sikuuliza vizuri."

Honi Mbili akampa mkono. "Yamekwisha, fundi. Jua la hapa humpandisha mtu hasira, hasa mgeni." Kisha akauvuta mpira juu ya paa, akamwita Chiriku wasimame pamoja wakisikiliza maji yakiingia.

"Binti, bomba kuliacha wazi ni kosa la mgeni. Kila aliyehamia hapa ana lake. Mimi mwaka wa kwanza nilipanda mchicha nikingoja mvua, na bado nangoja." Chiriku akacheka huku anafuta kamasi. Mzee hakucheka. "Lakini uongo, mwanangu, una kiu. Siku ya kwanza ulikuomba ndoo. Ukaupa. Kesho yake ukataka jina langu, ukapewa. Leo ulikuwa umefika kwa mdogo wako. Uongo haushibi. Maji yakimwagika hayazoleki, mimi najua kuliko wengi. Ila ukweli unaweza kuurudisha nyumbani, mradi usichelewe. Kosa liseme siku ile ile, likiwa bado bichi. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

Hapo tangi likafurika, na ukuta wa nyumba yao ukatoa machozi mpaka chini.

Kuanzia siku hiyo mama alining'iniza ile ndoo ya bati msumarini, juu, mbali na bomba. Na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alizunguka na kufunga bomba moja moja kwa mkono wake. Kisha alisimama kizingitini, akavuta pumzi, na mtaa mzima ukamsikia:

"MABOMBA YAMEFUNGWA!"

"Haya, Chiriku, tumesikia!" Mama Pacha alijibu kutoka dirishani kwake. "Hata ngamia wamesikia!"