Arobaini Juu ya Nanyuki

Saa mbili kamili asubuhi, pale Nanyuki unapopita mstari wa ikweta, treni ya mabehewa kumi na mawili iliinua kichwa na kuanza kupanda mbinguni. Si mlimani, jamani, mbinguni hasa! Behewa la kwanza liliidaka kebo ya kaboni, nyembamba kuliko mkono wa mtu, iliyoning'inia kutoka juu kilomita elfu thelathini na sita. La pili likafuata, la tatu likafuata, mpaka treni nzima ikasimama wima kama mlingoti. Ndani yake kila chumba cha kulala kilijigeuza taratibu kwenye ekseli zake, na chai ya Bi. Mwanasiti haikumwagika hata tone.

"Lahaula!" akasema, ameshika ubao wa kitanda kwa mikono miwili. "Na hii si kufuru?"

"Ni safari ya siku tatu tu, Bi Mkubwa," akajibu Mhudumu, yaani ile akili unde iliyokaa ukutani mwa kila chumba. "Abiria wengi hulala vizuri zaidi siku ya pili, uzito ukishapungua."

Bi. Mwanasiti alikuwa mkunga wa Vanga miaka thelathini na saba, na katika miaka hiyo hakuna aliyethubutu kumfundisha jambo. Wenzake behewani walikuwa wakienda likizo kwenye Bustani ya Wepesi, kucheza michezo isiyowezekana duniani. Kwake yeye likizo ilikuwa kisingizio. Alikwenda kumrudisha nyumbani binti yake Mishi, aliyemaliza mkataba wake wa miaka miwili huko bustanini, pamoja na mjukuu wake Kibibi, wa siku arobaini na sita, ambaye hajamwona ila kwenye kioo cha simu. Tiketi za kushuka alishazikata zote, na nyumba ya Vanga alishaipaka chokaa.

Kufikia adhuhuri mwili wake ulikuwa umebaki nusu ya uzito. Siku ya pili magoti, yaliyokuwa yakimlaza macho miaka nenda miaka rudi, yalinyamaza kabisa. Alijifunga mikanda ya kitanda asije akaelea, akalala usingizi wa mtoto. Alipoamka na kuchungulia dirishani, aliiona Afrika nzima, kutoka ncha hadi ncha, na lile Ziwa Viktoria watu wanalovuka kwa meli mchana kutwa likiwa dimbwi la kuogea bata. Akalia, wala hakuona haya. Alimhurumia kila mtu aliyekufa bila kuiona dunia hivyo.

Na bustani yenyewe, walipoifikia siku ya tatu, sikwambii! Bwawa lake la kuogelea lilikuwa tufe la maji lisilo na chombo, kubwa kama msikiti, watu wakiingia upande huu na kutokea ule. Wazee wa miaka themanini walikuwa wakipiga sarakasi hewani. Mishi alikuja mlangoni akielea, mtoto kamfunga kifuani kwa leso.

"Mwanangu, umekonda," akasema Bi. Mwanasiti, kisha akamfungua mtoto. Kibibi alijiviringisha hewani mara mbili, akamtazama bibi yake, akatabasamu. "Ala! Kumbe nimepata mjukuu samaki!"

Walicheka wote wawili, wakazunguka bustani mpaka wakachoka. Ndipo Bi. Mwanasiti aliposema, "Haya. Treni inashuka kesho. Tufunge mizigo."

Mishi akamvuta mtoto kifuani. Kisha akasema, "Mama, Kibibi hawezi kushuka."

"Hawezi vipi? Ana homa?"

"Hana homa. Ni mifupa."

Mtoto anayezaliwa pasipo na uzito, mifupa na moyo wake havijui kazi. Kwa ajili hiyo bustani ilijengewa Gurudumu la Uzito, chumba cha duara kinachozunguka na kumgandamiza mtu sakafuni, vile ndoo inavyozungushwa kwa mkono na maji yasimwagike. Mtoto hupaswa kupelekwa humo kila siku tangu wiki ya kwanza. Ndani ya siku thelathini mwili hujifunza haraka. Zikipita, huchukua miaka.

"Na wewe hukumpeleka?" akafoka Bi. Mwanasiti. "Mtoto wa mkunga! Ulikuwa unafanya nini, Mishi?"

"Nilikuwa ndani, mama. Uliniambia nisitoke."

Ilikuwa kweli. Siku ileile ya uzazi Bi. Mwanasiti alimpigia Mishi simu akamwambia: mzazi hatoki mpaka arobaini, wala mtoto hatolewi, hata wakubembeleze vipi, huko juu macho ya watu ni mengi. Gurudumu lilikuwa upande wa pili wa bustani. Kila asubuhi Mhudumu alipiga hodi kuwakumbusha, na kila asubuhi Mishi alijibu kwamba yuko kwenye arobaini. Akili unde ile ilifundishwa kuheshimu mila za wafanyakazi wote. Iliandika neno moja, "mila", ikamtakia mzazi afya njema, ikaenda zake. Daktari alikuwa ameshuka duniani, na aliporudi siku zilikuwa zimekwisha.

"Nilidhani siku kumi za ziada si kitu," akasema Mishi. "Nilidhani wewe unajua zaidi."

Bi. Mwanasiti alijishika kifua. "Ni mimi," akasema. "Nimezalisha watoto wa watu mia tisa, wote wanatembea. Wangu ndiye niliyemfunga miguu."

Daktari Cheptoo hakuwaficha kitu. "Inawezekana kurekebisha," alisema. "Miaka minne, labda mitano, uzito tukiuongeza kidogo kidogo. Lakini lazima apakatwe ndani ya Gurudumu kwa muda wa saa sita kila siku. Mama yake, akirejea kazini ili wapate kukaa huku, hatapata zaidi ya saa mbili."

"Mashine haziwezi kumpakata?"

"Tulijaribu kwa mtoto mwingine. Alilia mpaka moyo ukachoka."

"Basi mikono hii hapa."

"Bi. Mwanasiti, sikiliza. Uzito tutakaomwekea mtoto humo ni mdogo mno kukusaidia wewe. Kwa umri wako, miezi mitatu ikipita mifupa yako italegea. Hutashuka tena."

Akaifikiria Vanga: kaburi la mumewe, chokaa ambayo haijakauka vizuri, wanawake watakaobisha mlangoni pake na uchungu. Roho ilimuuma sana. Mishi alikuwa akilia, akimwambia arudi, tafadhali arudi.

"Mzazi hulelewa na mamake," akasema. "Nimechelewa siku arobaini na tisa. Tuanze."

Gurudumu lilianza kuzunguka polepole, sehemu moja tu ya ishirini ya uzito wa duniani. Bi. Mwanasiti alikaa kitako sakafuni, miguu kainyoosha. Kibibi, aliyekuwa akielea mbele yake, alianza kushuka, akashuka, akatua mapajani. Hakuzidi robo kilo ya sukari. Akakunja uso kwa mshangao, akapiga ukelele mmoja mkali.

"Nisimamishe?" akauliza daktari, mkono uko kwenye swichi.

"Usisimamishe," akasema Bi. Mwanasiti. "Ndiyo kwanza nampakata."