Kipande Kisichorudisha

Bisibisi haikuwa kwenye ndoano yake. Katika nyumba nyingine hilo si jambo, lakini Fundi alikuwa mtu wa kurudisha kila kitu mahali pake hadi shemeji zake wakamcheka. Mkewe, Mama Kidosho, aliiona imelala sakafuni, akaingiwa na shaka.

Karakana yao ilikuwa sebule. Mama Kidosho aliandika programu kwa lugha ya C. Mumewe aliandika vipande vya asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine, vile vya kwenda mbio, kisha wakaviunganisha viwe kitu kimoja. Sheria ilikuwa moja: kipande kikiitwa, kinaweza kuazima rejista za C, yaani vijisanduku ambamo kompyuta hushikilia thamani, ila kabla ya kuondoka kizirudishe kama kilivyozikuta.

"Ya mwisho kuwekwa kwenye rundo la akiba ndiyo ya kwanza kutolewa," Fundi hakuchoka kumwambia, "kama sahani kabatini."

Asubuhi ile, kwa uvivu tu, Fundi aliunganisha kipande alichokikuta ndani ya kompyuta kuukuu waliyoinunua mnadani. Alikiendesha huku amempakata Kidosho, binti yao ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza. Tangu hapo sebule ilinuka ubani, na hakuna aliyefukiza.

"Baba Kidosho, mbona mtoto halii?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ameshiba."

Kushiba nini, na hajanyonya tangu kuamka! Baba na mwana walikuwa wakimtazama bila kupepesa, wakivuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja, na kila aliposogea macho yote manne yalisogea naye, na ndani ya kompyuta, nyuma ya mvumo wa feni, akasikia sauti ya mumewe ikimwita kwa mbali sana, na kando yake kilio cha mtoto mwenye njaa.

Akaisogelea kompyuta. Akakifungua kile kipande, akakisoma. Kilikuwa kimeweka rejista mbili kwenye rundo, na hakikurudisha hata moja.

"Unafanya nini?" kiliuliza kile kilichokaa kitini.

"Narekebisha kidogo tu, mume wangu."

Akaongeza mistari ya kurudisha, ya kwanza halafu ya pili, vilevile zilivyowekwa. Akaunganisha upya. Akaendesha.

Harufu ikakatika. Fundi akashtuka kitini, akaangua kilio, na Mama Kidosho akamrukia na kumkumbatia, akicheka na kulia.

"Pole, baba, yamekwisha."

Lakini mumewe hakunyamaza. Alijikunja mikononi mwake, akawa anamtafuta titi kwa mdomo wenye ndevu.

Ndipo mtoto aliyekuwa mapajani akasema, kwa sauti nzito ya Fundi, "Mama Kidosho, umezitoa kwa mpangilio uleule. Rudia, mke wangu. Upesi!"

Akaigeukia kompyuta. Kile kipande hakikuwemo tena, na bisibisi, ambayo hakuna aliyeigusa, ilikuwa imerudi kwenye ndoano yake.