Eda Haijaisha

"Wifi, Ndagoni usiende."

Warda aliyasema hayo kabla hata hajampokea begi. Walikuwa wamesimama nje ya uwanja mdogo wa ndege wa Kilindoni, na Sabra alikuwa bado na uchovu wa safari ndefu kutoka Kanada.

"Nisiende kwa nini? Mume wangu si yuko huko?"

"Kaka amekuacha, Sabra."

"Ameniacha talaka moja, tena kwa simu, na eda yangu haijaisha. Niambie ukweli. Kuna mwanamke huko?"

Warda akainamisha uso. "Kaniapisha nisiseme neno. Nimeshika msahafu."

Kama hakuna kitu, mtu anaapishwa ya nini?

Sabra alikuwa binti wa Jibondo, anasomea udaktari wa falsafa huko Halifax, utafiti wake ni kufa kwa mwani. Taufiki, mumewe, alikuwa fundi wa mashine za boti hapo Kilindoni. Walikuwa wameomba pamoja ukaazi wa kudumu wa Kanada, yeye akiwa mwombaji, Taufiki akiwa mwenzi wake. Kilichobaki kwa Taufiki kilikuwa kwenda Dar kupima afya. Aliporudi alisema, "Mambo safi, mke wangu." Baada ya hapo akaanza kukwepa simu. Mwisho ukaja ujumbe:

*"Sabra nimekupa talaka moja. Usinitafute. Maisha mema."*

Tangu hapo namba yake haikupatikana tena; Sabra alisikia tu kwamba amehamia Ndagoni.

Simu ya Sabra ikalia ndani ya mkoba. Halifax hakujapambazuka, lakini Abdulswamadu alikuwa macho.

*"Umeshatua? Tafadhali usimfuate huyo mtu. Nimesikia hayuko peke yake. Atakudhuru."*

Abdulswamadu alikuwa Mtanzania mwenzake chuoni. Ndiye aliyemwonyesha maduka ya nyama halali alipofika, ndiye aliyemletea supu siku alizokuwa analia. Siku hizi alikuwa akimhimiza jambo moja tu: aingie kwenye ombi lake la ukaazi, aandike kwamba ameachwa, Taufiki aondolewe.

"Sitaandika," Sabra alimjibu kila mara. "Mpaka eda iishe mimi ni mke wa mtu."

Mara ya mwisho Abdulswamadu alicheka kidogo. "Basi tunasubiri," alisema.

Sabra hakupenda ile "tunasubiri". Asubuhi yake alikata tiketi.

Sasa alimwacha Warda pale uwanjani, akachukua bodaboda peke yake hadi Ndagoni. Mahali alipoelekezwa palikuwa nyumba ya shamba, imesimama mbali na nyumba nyingine, madirisha yote wazi. Mlangoni alitoka mwanamke wa makamo, ameshika sahani tupu.

"Shikamoo," Sabra alisema, sauti kavu.

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye unayekaa na mume wangu?"

Mwanamke akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Hakukasirika. "Wewe ndiye Sabra. Mimi naitwa Chiku. Sikai naye. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Namletea chakula, na namsimamia anywe dawa."

"Dawa ya nini?"

Kabla hajajibiwa, ndani mtu alikohoa. Kikohozi kirefu, kama kinachomoa kitu kifuani. Sabra alimjua mwenye kikohozi kile, ila mwili uliosogea mlangoni hakuutambua. Mabega ya Taufiki yalikuwa yamebaki mifupa.

"Nani kakwambia uje?" Taufiki aliuliza, ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Unaumwa nini, Taufiki?"

"Rudi Kanada."

"Nimekuuliza unaumwa nini!"

"Kifua kikuu," alisema Bi. Chiku. "Msimlaumu mtu, nimechoka na siri hii. Ameanza kunywa dawa kitambo, na vipimo vya juzi vinaonyesha haambukizi tena. Kaa naye, mwanangu."

Sabra aliketi kwenye kizingiti.

"Ulikigundua Dar? Kwenye vipimo vya Kanada?"

"Ndiyo."

"Ukaniambia mambo safi."

"Ningekwambia ungefanyaje? Ungeacha masomo uje kuniuguza. Na wakubwa wa huko wangekufukuza kwa ajili yangu. Nilikuacha ili upone wewe."

"Nifukuzwe kwa kifua kikuu chako? Nani alikwambia hivyo?"

Taufiki akakunjakunja kitambaa chake. Macho yakakimbilia sakafuni.

"Taufiki. Nani?"

"Huko Kanada namjua mtu mmoja tu zaidi yako," alisema taratibu. "Ulinipa namba yake mwenyewe, ulipofika."

Alichukua simu yake, akabonyeza. Sauti ikajaa chumba, tulivu, yenye huruma:

*"Sikiliza, bwana Taufiki. Nchi hii haina mchezo na maradhi hayo. Wakijua mume anaumwa, wanalitupa ombi zima, na Sabra anafungashiwa virago. Ukimwambia atakataa kuachana na wewe, unamjua alivyo. Kwa hiyo usimwambie. Mpe talaka, kata mawasiliano. Mengine niachie mimi."*

Sabra aliitambua. Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikimwambia, "Kunywa supu, Sabra, usife kwa ajili ya mwanamume."

"Ni uongo," alinong'ona. "Wanasubiri utibiwe, halafu wanakupima tena. Basi. Ni kuchelewa tu, Taufiki."



Sabra akampigia Abdulswamadu. Akaweka spika. Haikuita hata mara mbili.

"Sabra! Alhamdulillahi. Umemwona?"

"Nimemwona. Ulisema kweli, hayuko peke yake. Kuna mwanamke hapa."

"Si nilikwambia? Sasa badilisha taarifa leo hii. Eda ikiisha nakuja Jibondo kwa wazee wako, rasmi. Nimevumilia sana, Sabra."

"Kaka Abdulswamadu, kifua kikuu kinamfukuzisha mtu Kanada?"

Upande wa pili kilisikika kiti kikisogezwa.

"Nakuuliza. Wewe msomi mwenzangu."

"Nani kakupa habari hizo?"

"Uliyempa wewe. Amekaa mbele yangu, anakusikia."

Taufiki akasogeza uso kwenye simu. "Nilikuamini kama ndugu, bwana."

Walitarajia aone aibu, walitarajia aombe radhi. Sauti ikarudi bila joto lolote.

"Sawa. Mmejua. Lakini Sabra, ule ujumbe wa talaka ulinitumia mwenyewe, ukilia. Ninao. Nikiupeleka Uhamiaji, utawaeleza nini? Mwanamke aliyeachwa anaendelea kudai ana mume. Watasema umewadanganya. Fikiri vizuri kabla hujapanda ndege ya kurudi. Hapa uko peke yako."

Akakata.

Bi. Chiku akasoma dua chini kwa chini. Taufiki akashika kichwa. "Umeona sasa? Ungeniacha tu nilivyokuwa."

Hapo ndipo Sabra alipowaka.

"Nyamaza! Yule ni mwovu, namjua sasa. Lakini wewe? Ulikaa na mwanamume mwingine mkaamua maisha yangu, na mimi niko hai! Mimi ni mzigo wa kupokezana?"

"Nilikupenda."

"Ulinipenda bila kuniuliza."

Taufiki alilia waziwazi. Baadaye, alipotaka kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, Bi. Chiku alimwita mumewe, Mzee Pazi, na jirani yao Matano, wawe mashahidi. Mbele yao Taufiki alisimama kwa kushika ukuta.

"Nimemrejea mke wangu Sabra."

"Tumeshuhudia," alisema Mzee Pazi. "Mwanangu Sabra, una neno?"

"Rejea haikuhitaji ruhusa yangu, mzee. Msamaha unaihitaji. Huo bado sijautoa."

Hakurudi Halifax upesi. Msimamizi wake wa masomo alimruhusu akusanye takwimu za mwani Jibondo, na kila aliporudi Ndagoni alimpikia Taufiki, akamsimamia anywe dawa, akalala chumba cha pili. Walizungumza kama majirani wenye adabu. Taufiki akarudisha mwili, kikohozi kikaondoka, akapimwa tena Dar, akaonekana mzima. Abdulswamadu hakupiga tena simu. Ukimya wake ndio uliomtisha Sabra zaidi.

Kisha Uhamiaji wa Kanada wakaandika: wamepokea taarifa kuhusu ndoa yao, wanataka kuwahoji wote wawili kwa video.

Asubuhi ya mahojiano walikuwa sebuleni kwa Warda, Kilindoni, ambako mtandao ulikuwa na nafuu.

"Semeni simu iliibiwa," Warda aliwasihi. "Aliyeandika ule ujumbe ni mwizi. Nani atabisha?"

Sabra akaendelea kufungua kompyuta. Miaka yake yote ya baridi na maabara ilikuwa inaning'inia kwenye neno moja, na neno la uongo lilikuwa jepesi mdomoni.

Ofisa alitokea kwenye skrini, na mkalimani pembeni yake. Aliuliza walivyokutana, walivyooana. Kisha akainua karatasi.

"Ujumbe huu unasema ndoa yenu ilivunjwa. Nani aliuandika?"

Sabra alivuta pumzi. Taufiki akamtangulia.

"Mimi."

Warda, nyuma ya mlango, alijishika mdomo.

"Niliuandika mimi," Taufiki aliendelea. "Niliumwa, nikaogopa, nikamdanganya mke wangu. Kwa dini yetu, talaka ya kwanza mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha. Nilimrejea, mashahidi wapo."

"Unaelewa kwamba jibu hili linaweza kuliathiri ombi la mkeo?"

"Naelewa. Niliwahi kusema uongo kwa ajili ya ombi hili hili, nikakaribia kumpoteza. Sisemi tena."

Skrini ilipozimika, Warda aliingia kama upepo. "Mmejichongea! Kaka, umemmaliza mwenzio!"

Sabra hakumsikia. Alikuwa ameushika mkono wa mumewe kwa mara ya kwanza tangu arudi kisiwani.

"Nimekusamehe," alisema.

Majibu yalichelewa mno, hadi Sabra akaacha kufungua barua pepe kwa papara. Waliwataka mashahidi, wakataka maelezo, wakanyamaza tena. Mwishowe wakalikubali ombi, yeye na mwenzi wake. Kuhusu Abdulswamadu, wenzake chuoni walisema amehama mji, hakuaga mtu.

Taufiki hakurukaruka aliposomewa majibu hayo. Alifuta mikono yake yenye mafuta ya mashine, akamwangalia mkewe.

"Na wewe, bado unataka niende?"

"Sitaki uende, Taufiki," Sabra alisema. "Nataka twende."